Wakala wangu wa chuo Uingereza: makaratasi safi kabisa, ila kwenye kazi wamenipotosha

Kuna watu wengi inboksi niliwaahidi ntaandika hii nikimaliza shule, sasa nimemaliza, tasnifu niliikabidhi mwezi wa tisa 2025, kwa hiyo hii hapa. Naandika kuhusu huduma mbili. Ya kwanza ni ya wakala wa vyuo vya nje aliyenipeleka, ofisi yake iko Dar es Salaam, na ya pili ni dawati la ushauri la wanafunzi wa kigeni kwenye chuo nilichosoma hapa Leicester. Majina siweki, ya wakala wala ya chuo, maana haya niliyoyakuta wenzangu waliopita kwa mawakala wengine wameyakuta vilevile, na mi nataka uelewe jambo lenyewe usiishie kukasirikia ofisi moja.

Nianze na mazuri yao kwa sababu yapo na ni mengi. Nilienda pale Aprili 2024, nina digrii yangu ya kwanza na pesa za kuungaunga, wakanitafutia vyuo vitatu ndani ya wiki mbili nikapata viwili. Hawakunichaji ada ya huduma hata shilingi, na walinieleza wazi kwamba chuo ndicho kinachowalipa komisheni, hilo niliheshimu. Kwenye benki stetimenti walikuwa wakali kama walimu wa zamani, pesa ya kujikimu kwa mtu anayesoma nje ya London ilikuwa pauni 1,023 kwa mwezi mara miezi 9, yaani pauni 9,207, juu ya salio la ada, na lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Mjomba alitaka kuchomoa kidogo siku ya 19 akarudisha kesho yake, yule kaka wa makaratasi akanipigia simu akasema dada ukifanya hivyo unaanza kuhesabu upya. Aliniokoa. Kipimo cha kifua kikuu, fomu ya viza pauni 490, ada ya afya pauni 1,164 kwa ile miezi 16 ya viza yangu, vyote walinipangia kwa tarehe, na viza ilitoka bila swali. Kwa hiyo mtu akiniuliza makaratasi wanajua, jibu langu ni ndiyo, wanajua sana.

Shida ilikuwa kwenye kazi.

Siku nasaini, niliuliza swali ambalo kila Mtanzania anauliza, je nitaruhusiwa kufanya kazi na nitapata kiasi gani, maana ada yangu nilikuwa nalipa kwa awamu tatu na awamu ya tatu sikuwa nayo. Dada aliyekuwa ananihudumia akavuta karatasi nyeupe akaandika kwa bluu: saa 20, mshale, 40 kwa wiki 2. Akasema wiki moja ukizidisha, inayofuata unapunguza, mradi jumla isizidi 40. Chini yake akaandika JUNI – SEPT FULU akaipigia mstari mara mbili. Halafu akaniangalia kichwani, siku hiyo nilikuwa nimesuka twende kilioni nzuri nimejisuka mwenyewe, akasema na we si unajua kusuka, huko utasuka wenzako wikiendi hela nje nje. Nikatoka pale natembea kama nimeshafika mbele. Ile karatasi ninayo mpaka leo ndani ya pasipoti yangu.

Yale matatu aliyoniambia, yote matatu si sahihi kwa Uingereza na kwa kozi yangu. Sio nusu nusu, yote.

Tuanze na hilo la wiki mbili. Viza ya mwanafunzi wa digrii hapa inasema saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki kwa Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya hapa, ndo inayosimamia viza) ni siku 7 zinazoanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Hamna kufidia, hamna wastani, wiki ikifika saa 21 umeshavunja masharti hata kama wiki inayofuata hukugusa kazi kabisa. Na hizo 20 ni jumla ya kazi zako zote ukiwa nazo mbili au tatu, na ukifanya kazi kwa mtu bila malipo kama mfanyakazi nayo inahesabiwa humohumo. Wanaosoma kozi zilizo chini ya digrii wao ni saa 10 tu. Baadaye nilikuja kuelewa yule dada aliipata wapi hesabu yake, ofisi yao inapeleka watu Australia pia, na Australia ndo wana hesabu ya wiki mbili, saa 48 kwa wiki mbili tangu Julai 2023. Kanada nao wana yao, sasa hivi ni saa 24 kwa wiki nje ya kampasi tangu Novemba 2024, Ujerumani wanahesabu kwa siku, 140 nzima au 280 za nusu siku kwa mwaka. Meza moja, dada mmoja, nchi nne, na mteja mbele yake anataka jibu la haraka. Sidhani alidanganya kwa makusudi. Lakini sikwenda pale kununua jibu la Australia.

Mimi nilipata kazi mwezi wa kumi na moja, nyumba ya kulelea wazee, shifti za usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, saa 12 kila shifti. Kima cha chini kilikuwa pauni 11.44 kwa saa, saa 20 ni pauni 228.80, kwa mtu anayelipa chumba pauni 480 kwa mwezi unaona kabisa kila saa ina thamani. Meneja akaniletea rota: wiki ya kwanza Jumanne na Alhamisi, wiki ya pili Alhamisi peke yake, inarudia hivyohivyo. Nikapiga hesabu ya yule dada, 24 kujumlisha 12 ni 36, chini ya 40, nikasema safi nakubali. Nilikuwa nimeshaandika meseji ya kukubali kwenye simu. Kilichonizuia ni rafiki yangu mmoja wa Mombasa tunakaa nyumba moja, akasoma kwa juu ya bega langu akasema wewe, usitume, kesho asubuhi nenda kwanza dawati la wanafunzi wa kigeni, ni bure.

Nikaenda. Na hapa ndo naingia kwenye huduma ya pili, na hii nawapa nyota 5 bila kufikiria mara mbili.

Dawati lenyewe liko kwenye jengo la chama cha wanafunzi, unachukua namba, nilisubiri kama dakika 40 na nilikuwa sijalala. Mshauri ni mama mtu mzima, miwani kwenye kamba, mezani ana kalenda ya karatasi kubwa ile ya kuchana. Hakunihukumu, hakuniuliza kwa nini nafanya kazi. Akachukua penseli akaigawa ile kalenda kwa mistari kila Jumapili usiku, halafu akaniambia nimtajie shifti moja moja. Jumanne akaandika 12, Alhamisi 12, akazungushia duara, 24, akasema hii wiki tayari umevunja masharti ya viza. Nikahisi tumbo limekata. Nikamwonyesha ile karatasi ya wino wa bluu, akaitazama muda mrefu akasema hii anaiona mara nyingi.

Sasa sikiliza alichofanya. Hakuniambia acha kazi. Akaniuliza Jumapili usiku huwa wana nafasi? Nikasema huwa wanakosa mtu. Akachora mstari saa sita usiku. Akasema shifti inayoanza Jumapili saa mbili usiku, saa 4 zinaangukia wiki hii, saa 8 zilizobaki mpaka asubuhi zinaangukia wiki inayofuata, kwa sababu wiki mpya inaanza Jumatatu. Kwa hiyo ukifanya Alhamisi na Jumapili wiki ya kwanza ni 12 na 4, 16. Wiki ya pili inaanza na zile 8, unaongeza Alhamisi 12, 20 kamili, na Jumapili ya wiki hiyo usiguse. Shifti ni zilezile tatu kwa wiki mbili, hela ileile, hamna wiki iliyozidi. Akasisitiza mwajiri aandike saa kwa tarehe zilivyofanyika kweli na salari slipu zioneshe hivyo, na mimi niwe na daftari langu mwenyewe la saa, kwa sababu mamlaka ya kodi na Home Office wanapeana taarifa na siku ukiulizwa huwezi kujibu kwa kumbukumbu. Meneja alikubali siku hiyohiyo, tena na yeye aliogopa, kumbe mwajiri akikamatwa na mtu asiyeruhusiwa kufanya hizo saa faini yake inafika pauni 45,000 kwa mtu mmoja kwa kosa la kwanza, na 60,000 akirudia. Mimi je? Viza inafutwa, chuo kinakutoa, unarudi nyumbani na deni la ada ambalo mama yako anadaiwa.

Kalenda ile alinichania akanipa. Niliibandika mlangoni.

Kuhusu kusuka. Hili liliniuma kwa namna yake kwa sababu kusuka ni ujuzi wangu, nimesuka tangu niko darasa la sita, nimejilipia vitabu kwa kusuka, na hapa Leicester dada zetu wanatafuta msusi kama wanatafuta maji. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, kwa namna yoyote. Kusuka mtu chumbani kwako akakulipa ni kujiajiri. Kupika sambusa na maandazi ukauza ni kujiajiri. Kupeleka chakula na baiskeli kwa zile programu za simu, ambapo unahesabika kama mkandarasi wa kujitegemea, ni kujiajiri, na kukodi akaunti ya mtu mwingine ndo unaongeza kosa juu ya kosa. Hapo saa 20 haikusaidii, hata saa moja hairuhusiwi. Mshauri alinambia nikiajiriwa saluni kwa mkataba, nalipwa mshahara kwa slipu, hapo sawa, inaingia kwenye zile 20. Lakini kukaa nyumbani na kupokea vichwa, hapana. Nilikuwa nimesuka wawili mwezi wa kumi, mmoja kwa hela. Sikurudia tena. Wengine nilikuwa nawakatalia huku naona aibu, wakadhani naringa.

Sasa jambo la tatu, kile kiangazi, na hapa ndo mahali ambapo ningeomba mtu yeyote anayeenda kusoma masta asome polepole.

Wanafunzi wa digrii ya kwanza kuanzia mwezi wa sita wanakuwa likizo, wanaruhusiwa kupiga kazi saa zozote mpaka shule ifunguliwe. Hilo ni kweli na ndo linalowachanganya watu. Masta ya kufundishwa (ya madarasa, sio ya utafiti) ya mwaka mmoja haina likizo ya kiangazi. Juni mpaka Septemba unaandika tasnifu, na hata kama huna kipindi hata kimoja darasani, hata kama msimamizi wako amesafiri, hicho kipindi ni muhula na wewe bado ni saa 20. Likizo yako ni ile ya Krismasi na ya Pasaka kama chuo kimeitangaza hivyo kwa kozi yako, basi. Mwajiri anatakiwa awe na ushahidi wa tarehe za muhula wako kutoka chuoni, kwa hiyo mwezi wa tano meneja wangu akaniomba barua, nikaiomba chuo, ikaja kwa imeli, nikaisoma nimekaa kwenye ngazi za nyumba tunayoishi. Kipindi cha likizo ya kiangazi: hakuna.

Kima cha chini kilikuwa kimepanda Aprili kuwa pauni 12.21. Saa 40 ni pauni 488.40 kwa wiki, saa 20 ni 244.20. Wiki 14 za kiangazi, tofauti yake ni zaidi ya pauni 3,400, na awamu yangu ya tatu ya ada ilikuwa 3,000. Yaani ule mstari aliopiga mara mbili yule dada chini ya neno FULU ndo ilikuwa ada yangu. Nililia pale ngazini, yule mwenzangu wa Mombasa akaja akakaa tu pembeni yangu, hakusema kitu. Wenzetu wa digrii ya kwanza ndani ya nyumba ileile walikuwa wanapokea shifti kushoto na kulia.

Dawati la ushauri nilirudi tena, yule mama alikuwa likizo, nikakuta kijana, naye vilevile hakuniacha. Alinisaidia kuandika barua kwa ofisi ya fedha ya chuo, wakagawa ile awamu mara tatu, nusu yake mama akaikopa kwenye kikoba chao na mimi nikalipa iliyobaki mdogo mdogo. Nilivumilia. Lakini mama yangu kukaa mbele ya wenzake kuomba mkopo wa dharura kwa sababu mtu ofisini aliandika neno moja bila kuhakiki, hilo sijalisahau na ndo sababu kubwa ya kuandika hapa.

Halafu kuna vitu ambavyo hawakusema kabisa na vingenipa nguvu. Mfano, tarehe ya kuisha kozi iliyoandikwa kwenye CAS (ile hati ya udahili ambayo chuo kinakutolea uombee viza) ikishapita, viza inakuwa bado na miezi 4 kwa kozi ya miezi 12 au zaidi, na kipindi hicho unaruhusiwa kufanya kazi fulu taimu. Yangu ilipita Septemba, tangu hapo napiga saa zangu bila kalenda mlangoni. Au lile la "ukimaliza unapewa miaka miwili ya kazi", hupewi, unaomba, ukiwa bado ndani ya Uingereza na viza ya mwanafunzi haijaisha na chuo kimeshataarifu kwamba umefaulu, na unalipia, mwaka 2025 ilikuwa pauni 880 za maombi na ada ya afya 1,035 kwa kila mwaka, jumla pauni 2,950. Nazikusanya sasa hivi. Na kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 haitakuwa miaka miwili tena, inakuwa miezi 18, isipokuwa wa PhD. Kuna kaka alikuwa foleni moja na mimi pale ofisini anaulizia kwenda na mkewe akaambiwa tutaona, wakati tangu Januari 2024 masta ya kufundishwa hairuhusu kuleta mume, mke wala watoto, wanaoruhusiwa ni wa utafiti. Tutaona sio jibu la kumpa mtu mwenye ndoa.

Kwa hiyo nyota. Wakala: nawapa 3. Makaratasi 5, lugha nzuri na heshima 5, kupokea simu 4, taarifa za kazi 0, na hiyo sifuri imeshusha kila kitu kwa sababu watu wetu hawanunui shule peke yake pale, wananunua shule wakitegemea kazi iwalipie sehemu ya shule, na wakala anajua hilo ndo maana analitaja mwenyewe kabla hujauliza vizuri. Dawati la ushauri: 5. Ningewapunguzia kwa foleni lakini moyo umekataa. Na hapa Uingereza sio kila mtu anaruhusiwa kisheria kutoa ushauri wa uhamiaji, hawa wa chuoni wanaruhusiwa na wanapitia mafunzo, halafu ni bure, na unaweza kuwaandikia imeli ukiwa bado Bongo ukishapata nafasi chuoni. Hilo mimi sikulijua. Ningeandika imeli moja tu mwezi wa saba 2024 ningejua kwamba awamu ya tatu haina mahali pa kutokea, ningeahirisha mwaka nikajipange, au ningechagua kozi ya bei nyingine.

Wakala niliwaandikia wasap mwezi wa kumi, ujumbe mrefu wa heshima, nikawawekea picha ya ile karatasi pamoja na ile barua ya chuo. Yule kaka wa makaratasi alinipigia mwenyewe, akasema pole dada yangu, akasema ataliongea kwenye kikao chao. Nimempa muda. Binamu yangu ana miadi pale Jumatano ijayo, anataka masta ya uhasibu, nimempa maswali manne na nimemwambia asisaini mpaka wamjibu kwa maandishi yenye jina la ofisi: kozi yangu inaisha tarehe ngapi kwenye CAS, likizo zangu za kozi hii hasa ni zipi, saa zangu zinahesabiwa kwa wiki ipi, na nikikosa kazi kabisa miezi 6 ya mwanzo ada yangu italipwa na nani. Hilo la nne alicheka kwanza. Nikamtumia picha ya ile kalenda, akanyamaza, akaniuliza kikoba cha mama kilikata riba kiasi gani.